Mwaka Mashine Ilipojibu kwa Niaba Yetu

Siku tuliyomzika Anselmi, kabla hata masufuria ya wali wa msibani hayajasuguliwa, binti yake Paskalia alinishika mkono akanivuta hadi nyuma ya nyumba, penye karo la kufulia, akaniuliza swali ambalo nililisubiri tangu akiwa mtoto wa kubebwa. "Mama mdogo," alisema, "ni kweli yule nesi wa Sindeni alilifukuza lori?" Hakuwa analia. Alikuwa ameshalia asubuhi nzima, sasa alitaka kujua. Mama yake, Monika, alifariki siku aliyomzaa yeye, katika zahanati ya Sindeni, akisubiri gari la wagonjwa kutoka Korogwe. Hadithi aliyokua nayo Paskalia, aliyopewa na baba yake, ni kwamba lori lilisimama mbele ya zahanati, dereva akajitolea kumpeleka mgonjwa hospitali, na nesi mmoja wa makamo aitwaye Bi Mwantumu akamwambia aende zake. Kwa ajili ya hadithi hiyo Anselmi hakumsalimu tena Bi Mwantumu maisha yake yote, na Paskalia alikatazwa kukanyaga Sindeni. Mimi nilijua kilichotokea, na nilikuwa nimeahidi kunyamaza maadamu Anselmi yu hai. Sasa alikuwa ametoka kufukiwa. Nikamwambia Paskalia avute kiti akae, nikaanza kumsimulia mwaka ule, na ninauandika hapa kama nilivyomsimulia, pamoja na mambo machache ambayo mtu hawezi kumwambia mtoto wa marehemu siku ya mazishi.

Nilikuwa msichana niliyetoka chuo cha kompyuta na cheti bado kina harufu ya wino. Hospitali moja ya Korogwe ilinichukua nimsaidie Anselmi, ambaye alikuwa fundi wao wa kompyuta, yaani alikuwa idara nzima. Ofisi yetu ilikuwa stoo ya zamani ya mashuka. Rafu zilikuwa bado ukutani, na hewa ya mle ndani ilinuka sabuni ya mche na vumbi la joto linalotoka nyuma ya mashine. Kompyuta ilikuwa moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya njano, kazi ya mikono ya Monika, na Anselmi alikikunja kila asubuhi kwa heshima kana kwamba anafunua kitanda cha maharusi. Nilimcheka sana kwa hilo. Alikuwa mtu mrefu, mtoto wa kambi za mkonge, mwenye Kiswahili cha haraka na mzaha usiokauka, na ndiye mtu wa kwanza kunifundisha kwamba kompyuta ni kazi ya kuwafikiria watu ambao huwaoni.

Mfumo wetu ulikuwa huu. Simu za mkononi zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia vijijini, na katika zahanati za huko Handeni mtandao ulipatikana kwa kuotea. Sindeni ilibidi upande kilima kidogo hadi kwenye uzio wa shule, na hata hapo simu ya kuongea ilikatika kila mara, ila meseji ilipenya. Anselmi akaunganisha simu na kompyuta kwa waya. Nesi wa zahanati akituma meseji kwamba ana mgonjwa mahututi, kompyuta iliipokea, ikaionyesha kwenye kioo kwa herufi kubwa nyekundu, ikapiga kengele, halafu ikaipeleka kwenye simu ya dereva wa gari la wagonjwa. Gari lilikuwa moja. Sisi tuliokuwa ofisini tulimtafuta dereva, tukahakikisha ameondoka, ndipo tukamwandikia nesi jibu kwa mikono yetu. Wakati mwingine jibu lilichelewa. Na hapo ndipo manesi walipokasirika.

Bi Mwantumu alikuja mwenyewe Korogwe kulalamika, na kapu la machungwa mkononi, kwa sababu hakujua kwenda kugombana mikono mitupu. Alikuwa Mzigua wa Sindeni, mwanamke wa makamo, mpana wa kiuno, na ushungi mweupe usio na doa, ambaye alikuwa amezalisha nusu ya vijana wa kata ile. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi, akauliza habari za kazi, za nyumbani, za mvua, akamaliza zote. Halafu akasema, "Wanangu, mimi nakutumieni salamu ya shida, nyinyi mnakaa kimya. Nimekukoseeni nini?" Anselmi akamweleza kwamba tunakuwa tunamtafuta dereva. "Na mimi nimtafute nani, kule juu kwenye uzio wa shule?" alisema. "Mkininyamazia, najua sina mtu. Nashuka, nasimamisha chochote kinachopita. Juzi nimempakia mzazi kwenye Fuso la mkaa. Amefika, Mungu mkubwa, lakini amefika mweusi." Tulicheka sote, naye akacheka, na machungwa tukayala pale pale juu ya meza ya kompyuta, Anselmi akiyalinda maganda yasiguse kitambaa.

Hayo maneno yake nimeyarudia kichwani maisha yangu yote. Mkininyamazia, najua sina mtu. Siku hizi kazi yangu ni kukagua mifumo ya maofisi, na vijana hunionyesha kwa majivuno jinsi mifumo yao isivyozimika: umeme ukikatika hivi, mashine nyingine inashika hivi. Huwa nawasikiliza, kisha nawauliza swali moja ambalo huwaudhi: mfumo wenu ukimwambia mtu "ndiyo", ni nani hasa amesema ndiyo? Wengi hunitazama kama bibi aliyepitwa na wakati. Ukimya wetu wa Korogwe ulikuwa na kasoro zake zote, lakini ulikuwa unasema kweli. Ulimwambia Bi Mwantumu kwamba bado hajaonekana, naye akashuka barabarani akafanya alichoweza. Hilo sikulijua siku ile. Siku ile niliona aibu tu kwamba mama mtu mzima amesafiri na kapu ili aje kutuuliza ametukosea nini.

Monika alikuwa nesi kijana wa zahanati hiyo hiyo, msaidizi wa Bi Mwantumu, na kila alipopata mapumziko alikuja Korogwe kwa mumewe. Mimi nilikuwa nimepanga chumba kwenye ua ule ule, Manundu, ukuta mmoja na wao, kwa hiyo nilikula kwao kuliko nilivyokula kwangu. Alikuwa Msambaa, mweupe wa meno, mnene kidogo, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kununa, na alipika ndizi mshare na maharage kwa namna ambayo sijaipata tena kwa mtu yeyote, hata kwangu mwenyewe. Chumba chao kilikuwa na kitanda, meza, jiko la mchina na viti vya plastiki, na tulikaa humo magoti yakigusana. Tulikuwa marafiki kwa jinsi wasichana wanavyokuwa marafiki kabla maisha hayajawatenganisha: tulisukana, tulivaliana kanga, tulimsema Anselmi akiwa hapo hapo. Alipopata mimba aliniambia mimi kwanza, na nilipaswa kujifanya nashangaa mumewe aliponitangazia.

Kupitia ukuta ule nilizoea mazungumzo yao. Monika angeita kutoka uani, "Anselmi, chakula kinapoa!" na Anselmi, ameinamia vipande vya kompyuta alivyovileta nyumbani, angeitikia bila kuinua kichwa, "Nimekupata, mama. Niko njiani, usiwe na wasiwasi." Na asitoke. Monika angeita tena, na jibu lingekuwa lile lile, kwa upole ule ule. "Njiani yako hiyo ina makorongo," Monika angesema, na nilisikia sahani ikifunikwa. Lakini mwishowe alikuja kila mara, akala chakula kilichopoa, akasifia. Monika alinieleza siku moja, tukichambua mchele, kwamba hicho ndicho alichompendea. "Anachelewa," alisema, "lakini akisema anakuja, anakuja."

Jioni moja mezani Monika alilisema tena lile la manesi. Alisema ukimya wetu unatukana, kwamba Bi Mwantumu anashuka kilima akiwa amenuna siku nzima, kwamba mtu aliyelelewa vizuri huitikia kwanza ndipo akaendelea na shughuli. Anselmi hakubisha. Kesho yake, ofisini, aliandika maagizo mapya, na tangu hapo kila meseji iliyoingia ilijibiwa na kompyuta yenyewe, papo hapo: Tumekupata, mama. Tupo njiani, usiwe na wasiwasi. Nilipoyaona maneno yale kwenye kioo nilicheka hadi nikashika rafu. "Usimwambie Monika," aliniambia, naye akicheka. "Acha ajue ni mimi nimekaa hapa namsubiri." Haikuwa hila. Ilikuwa mapenzi ya mume wa kijana aliye mbali na mkewe, na nilimwona siku hiyo ameridhika kuliko siku zote. Monika aliporudi mapumziko alimsifia mbele yangu: "Siku hizi mume wangu ana adabu. Hujamaliza kutuma ameshakuitikia." Bi Mwantumu naye alituma machungwa. Kazi iliendelea, gari lilikwenda na kurudi, na kila mtu alikuwa na furaha na mfumo wetu.

Masika yalipoanza, mama yake muuguzi mkuu wa hospitali alifariki, na mazishi yakawa Kwedizinga. Huku kwetu mtu hakosi mazishi ya mzazi wa mwenzake. Ukikosa bila sababu, utaelezwa habari hiyo mpaka na wewe uzikwe. Maiti ilipelekwa kwa gari la wagonjwa, kama ilivyokuwa kawaida, kwa sababu hakukuwa na gari lingine lenye hadhi ya kumbeba mama wa mkubwa wetu, na sisi wengine tukapanda basi dogo nyuma yake. Wodini walibaki wachache. Siku hiyo kulikuwa na mgao wa umeme, kwa hiyo Anselmi aliiacha kompyuta kwenye betri, akazima kioo na kengele ili betri isiishe, akafunga mlango wa ofisi, akatia ufunguo mfukoni. "Hakuna atakayekosa jibu leo," aliniambia. Namkumbuka akiwa amevaa shati lake jeupe la kanisani. Monika alikuwa bado na wiki kadhaa kabla ya kujifungua, na tulikuwa tumeshapanga aje Korogwe mapema, alale chumbani kwangu ambako kulikuwa na nafasi zaidi.

Kwedizinga tulizika baada ya swala ya adhuhuri. Shehe aliomba watu wazime simu, na dereva wetu, mtu mwenye heshima zake, akaizima yake. Baada ya dua tuliketi kwenye mikeka tukala wali na nyama, mvua ikianza kudondoka kwenye turubai. Anselmi alikuwa akizungumza na wazee habari za mkonge. Nakumbuka nilikula nikashiba. Nimejaribu kuisahau shibe ile na haisahauliki. Tulirudi taratibu kwa sababu ya utelezi, na tulipofika Segera dereva wa gari la wagonjwa akasimama kununua maji, akawasha simu yake. Sisi tuliokuwa kwenye basi dogo tukasikia milio ya meseji zake ikifuatana. Akatoka garini akiwa ameishika simu mbali na mwili wake, akamwonyesha Anselmi. Zilikuwa zimetoka Sindeni, tangu kabla ya swala. Mgonjwa ni Monika, damu. Njooni. Damu haikati. Mko wapi. Na kila moja, Anselmi alijua bila kuambiwa, ilikuwa imejibiwa.

Sitaielezea njia ya kwenda Sindeni, kwa sababu sikumbuki ila kisogo cha Anselmi na udongo mwekundu ukirukia kioo. Tulifika mvua imekatika. Zahanati ilikuwa na vyumba viwili na kibaraza, na kibarazani alikuwa amekaa Bi Mwantumu, amempakata mtoto aliyefungwa kwenye kanga, na ushungi wake ulikuwa umelowa damu hadi kifuani. Hakusimama. Anselmi alimpita akaingia ndani, na alipotoka hakuwa mtu yule niliyemjua. Alimwuliza kwa sauti ndogo kwa nini hakutafuta gari jingine, yeye ambaye aliwahi kupakia watu kwenye Fuso la mkaa. Bi Mwantumu alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Mlinijibu," alisema.

Habari za lori zilitufikia baada ya mazishi ya Monika. Dereva wake, aliyekuwa akipeleka machungwa, alikuja mwenyewe kutoa pole, akasema alisimama, akajitolea, akaambiwa aende. Anselmi alimwuliza nani alimwambia. Akasema alisikia sauti ya mwanamke kutoka ndani. Anselmi alinituma Sindeni nikamwulize Bi Mwantumu, kwa sababu yeye hangeweza kumtazama. Nilimkuta anaanika mahindi. Aliniketisha jikoni, akanipa chai ya mchaichai. Aliniambia alikuwa ameshawaita vijana wamnyanyue Monika, wamweke juu ya magunia. Monika akauliza, Korogwe wamesema nini? Bi Mwantumu akamsomea meseji. Monika akasema asome tena. Aliposomewa tena akatabasamu, akawaambia vijana wamwache, akapaza sauti dereva aende zake. "Haya ni maneno ya Anselmi," alisema. "Amekaa pale pale kwenye mashine, ameniona. Anakuja mwenyewe. Nikiondoka tutapishana njiani."

Nililia jikoni kwa watu mpaka nikaona haya. Bi Mwantumu aliningoja nimalize. Kisha akasema, "Huyo mumewe usimwambie. Mwambie ni mimi nililirudisha, mwambie mgonjwa alikuwa hasikii tena. Mimi nimezika wanangu wawili, najua mtu anaweza kubeba nini na nini hawezi. Akinichukia mimi atalea mtoto. Akijua hili hatalea mtu." Nilimwambia hiyo si haki. Alinijibu kwa ukali, kana kwamba nimemkosea adabu: "Nani kakuuliza habari za haki?" Nikaahidi. Nikarudi Korogwe nikamwambia Anselmi nilivyoagizwa. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama Monika aliisoma meseji, na nikamwambia hapana.

Alirudi kazini wiki iliyofuata, akakaa mbele ya kompyuta bila kukunja kile kitambaa, akakisukuma tu pembeni, akayafuta yale maneno. Aliweka sheria ambayo alinifanya niisome kwa sauti: mashine haitasema tunakuja mpaka mtu aliyeshika usukani aseme kwa mkono wake, na aweke jina lake. Kabla ya hapo mashine inyamaze. Na kioo kikizimwa, simu nayo ing'olewe waya, ili anayetuma ajue hakuna mtu. Manesi walilalamika tena kuhusu ukimya, na safari hii hakuna aliyejitetea. Mwisho wa mwaka aliacha kazi ya kompyuta kabisa, akahamia shambani pembeni ya kambi alikozaliwa, akamlea Paskalia kwa mikono yake. Mimi niliendelea. Yote ninayoyajua kuhusu mfumo wa kutegemewa niliyajua mwaka ule, na ningeyarudisha yote, pamoja na mshahara na heshima ninayopewa kwa ajili yake, ili Bi Mwantumu asiwe amejibiwa siku ile.

Paskalia alinisikiliza pale penye karo bila kunikatiza. Nilipomaliza aliuliza kama Bi Mwantumu yu hai. Nikamwambia yu hai, mzee sana, macho yamefifia. Tulikwenda baada ya siku za matanga kwisha. Barabara siku hizi ni lami, ukisinzia kidogo umefika. Tulimkuta amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba ya mjukuu wake, anapukuchua mahindi kwa kupapasa. Paskalia alipiga magoti, akamshika mkono, akasema, "Shikamoo bibi. Mimi ni mtoto wa Monika."

Bi Mwantumu aliacha mahindi. Alimpapasa uso polepole, paji, mashavu, kidevu, akafika kwenye meno Paskalia akiwa anajaribu kutabasamu. "Marahaba," alisema. Halafu akageuza kichwa upande wangu, kwa sababu alikuwa amenitambua kwa sauti. "Na baba yake?"

"Amefariki, bibi," nilisema. "Tumeshamzika."

"Aliambiwa?"

"Hapana. Hakuambiwa mpaka amekufa."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mwantumu, akamvuta Paskalia kifuani kwake, akaanza kulia.